Nini inafanya sauti ya rock ikuwe sauti kubwa?



Kwenye sherehe yetu ya diplome iliyopita, hapa Yangambi, kulitokea ubishi ambao mpaka leo haujaisha. Mmoja wetu (jina naliacha, mwenyewe anajijua) alishika mikro saa tano za usiku, akaomba wapiga gitaa waongeze nguvu, akaimba rock. Si rumba, si wimbo wa korale. Rock kabisa. Sauti ilitoka na mikwaruzo, kama kamio inapanda mlima wakati wa mvua. Nusu ya watu walisimama juu ya viti. Nusu ingine walisema: "Huyu haimbi, anafoka." Mzee mmoja anayefundisha korale alitikisa kichwa na kusema ile ni sauti mbovu, mambo yameisha.

Kesho yake yule ndugu hakuweza kusema hata neno. Siku ya tatu alikuwa na mahojiano ya kazi ku Kisangani. Alipanda mtumbwi wa mota, akafanya karibu kilomita 100 za mto, akafika na shati yake ya pasi, akafungua mdomo, ikatoka hewa tupu. Kazi akapewa mwingine.

Kwa hiyo swali si la mchezo. Nini hasa inafanya sauti ya rock ikuwe kubwa? Mzee wa korale alikuwa na haki? Na je, mtu anaweza kuimba vile bila kuua koo lake? Nimesoma, nimesikiliza, nimeuliza wanaojua. Naandika hapa kile nilichoelewa, kidogo kidogo.

1. Tuanze na koo lenyewe

Ndani ya koo, pale unapoona kifundo kinapanda na kushuka mtu akimeza, kuna nyuzi mbili za nyama. Ni fupi: hata za mwanaume mzima hazifiki urefu wa kidole kidogo. Pumzi ikitoka mapafuni inazipitia, zinafunguka na kufungana mbio sana. Mwanaume akiongea kawaida, zinagongana mara 100 na kitu kwa sekunde moja. Mwanamke, karibu mara 200. Mtu akiimba juu, zinapita 400.

Fanya hesabu, siye batu ya fakilte tunapenda hesabu. Mara 200 kwa sekunde ni mara 12,000 kwa dakika. Kwa saa moja ya repetisio ni mara 720,000. Hakuna sehemu ingine ya mwili unayoigongesha namna hiyo halafu unashangaa ikivimba.

Lakini nyuzi peke yake hazifanyi sauti ya mtu. Zinatoa mlio mwembamba tu, kama mdomo wa tarumbeta bila tarumbeta. Kile kinachofanya mama akutambue kwenye simu kabla hujasema jina ni vyumba vya juu: koo, mdomo, ulimi, meno, pua. Vyumba hivyo vinakuza sehemu fulani za mlio na kuficha zingine. Njo maana watu wawili wanaweza kuimba noti ile ile na hawafanani hata kidogo.

Shika hilo, juu tutalirudia: sauti kubwa ya rock, kabla ya kitu kingine chochote, inajulikana ni ya nani ndani ya sekunde mbili.

2. Mtoto wa Unguja

Ukitafuta kwenye dunia nzima nani ana sauti kubwa ya rock, jina moja linarudi kila mara: Freddie Mercury wa kundi la Queen. Bamingi wetu hawajui kama mtu huyo ni mtoto wa kwetu, upande wa Bahari ya Hindi. Alizaliwa Mji Mkongwe, Zanzibar, tarehe 5 Septemba 1946, kwa jina la Farrokh Bulsara. Wazazi wake walikuwa Waparsi, baba akifanya kazi ya serikali ya kikoloni pale Unguja. Mtoto alipelekwa kusoma India, shule ya bweni, na kule akaanza kupiga piano kwenye kundi la wanafunzi. Mwaka 1964, baada ya Mapinduzi ya Zanzibar, familia ilikimbilia Uingereza. Queen ilianza 1970. Alikufa London tarehe 24 Novemba 1991.

Watu wanapenda kusema alikuwa na sauti isiyo ya binadamu, oktava nne na zaidi. Mwaka 2016 watafiti wa Ulaya walichapisha uchunguzi wa sauti yake. Walichukua mahojiano yake wakapima sauti ya kuongea: mitetemo kama 117 kwa sekunde. Maana yake nini? Maana yake alikuwa mtu wa sauti ya kati kuelekea chini, baritoni, si tenori wa kuzaliwa. Zile oktava nne hawakuweza kuzithibitisha. Kwenye rekodi walizopima walipata nusu-toni 37, ambazo ni oktava tatu na nusu-toni moja. Ni nyingi, lakini si muujiza.

Basi ukubwa ulikuwa wapi? Walipata vitu viwili.

Cha kwanza, mtetemo wa noti ndefu, ule wanaoita vibrato. Kwa waimbaji wengi wa kizungu wa mtindo wa zamani noti inayumba mara tano au sita kwa sekunde. Yake iliyumba karibu mara saba, na haikuwa sawasawa kama saa. Ilikuwa na wasiwasi ndani yake. Sikio linasikia kama mtu ambaye moyo unamwenda mbio.

Cha pili, ile mikwaruzo. Walimweka mwimbaji mwingine wa rock aige sauti yake, wakaingiza kamera ndogo kooni inayopiga picha zaidi ya 4,000 kwa sekunde. Wakaona kumbe si nyuzi za sauti peke yake zinazotetemeka. Juu yake kuna mikunjo mingine miwili ya nyama, ambayo kwa kuongea kawaida haifanyi kazi. Kwenye ile sauti ya ukali, mikunjo ya juu nayo iliingia kucheza, ikifuata nyuzi za chini kwa hesabu: nyuzi zinapiga tatu, mikunjo inapiga moja. Ni kama mpiga ngoma mkubwa na mpiga ngoma mdogo wanaosikilizana.

Hapa mzee wetu wa korale anapata jibu lake la kwanza. Mikwaruzo ya rock si lazima ikuwe sauti iliyoharibika. Inaweza kuwa ala ya pili juu ya ile ya kwanza. Tofauti iko hapa: kwa mwenye ufundi, nyuzi za chini zinaendelea kufanya kazi yao safi, na ukali unaongezwa juu yake. Kwa asiyejua, anabana shingo yote, anasaga nyuzi zenyewe. Kwa msikilizaji aliye mbali zinafanana. Kwa koo ni vitu viwili tofauti kabisa.

3. Siye tuko na atalaku

Mtu asituambie kama sauti ya ukali ni kitu cha kigeni. Tangu mwanzo wa miaka ya 1980, Zaïko Langa Langa ilipoingiza atalaku kwenye muziki wa Kinshasa, kila mtoto wa Kongo amekua na hiyo sauti masikioni. Rumba inaenda polepole, waimbaji wanaimba utamu wa mapenzi, halafu gitaa inageuka, sebene inaingia, na atalaku anafungua koo: sauti ya mchanga, ya kuamrisha, inayoinua hata mwenye deni.

Zaïko wenyewe, walipoanza mwisho wa 1969, walikuwa vijana wa wakati wa rock na soul. Waliacha tarumbeta za wakubwa, wakaweka gitaa na drumu mbele. Njo maana muziki wao una moto unaofanana na rock, ingawa mizizi yake ni ya hapa.

Lakini angalia jambo moja. Kwenye orkestra yetu kazi imegawanywa. Kuna wale wa utamu, wanaosimama mstari mmoja na mikro zao, na kuna mmoja wa ukali. Kwenye rock, mtu ni mmoja. Yeye mwenyewe anapaswa kuwa mwimbaji na atalaku, wakati mwingine ndani ya mstari mmoja wa wimbo. Aanze kama anaongea na mtu pembeni ya kitanda, amalize kama anaita mtu ng'ambo ya mto.

Hiyo njo kipimo changu cha pili. Sauti kubwa ya rock si ile yenye ukali mwingi. Ni ile inayosafiri kati ya laini na ukali na msikilizaji asione mshono. Anayefoka tangu neno la kwanza mpaka la mwisho, baada ya dakika mbili sikio linamzoea kama linavyozoea jenereta. Ndugu yetu wa usiku ule, naomba anisamehe, kosa lake lilikuwa hilo. Alianzia juu, hakubakiza pa kupanda.

4. Kupenya kelele

Jambo la tatu ni la mashine zaidi ya roho. Gitaa ya umeme iliyofunguliwa sana inajaza pale pale sauti ya binadamu inapokaa. Ongeza drumu, ongeza bas, ongeza bafle iliyopasuka. Mwimbaji anazama. Sasa afanye nini? Bamingi wanajibu: aongeze nguvu. Hapana. Akiongeza nguvu, gitaa naye anaongeza, na vita hiyo koo halijawahi kushinda.

Waimbaji wa opera, ambao waliimba bila mikro mbele ya orkestra nzima, walipata njia ingine. Orkestra ina nguvu nyingi kwenye mitetemo ya chini, karibu 500 kwa sekunde. Wao wanatengeneza umbo la koo ili sauti ing'ae karibu na 3,000, mahali ambapo orkestra imechoka na ambapo sikio la binadamu ni kali sana. Hawapigi kelele kuliko orkestra. Wanapita kwenye dirisha ambalo halina mtu. Mwimbaji wa rock anafanya jambo la jamaa moja na hilo: sauti yenye makali kidogo, kama ya mtu anayeita samaki sokoni, inapenya kuliko sauti nene ya kifua.

Wakubwa wetu wa mto walijua siri ya namna hiyo zamani. Walokele walikuwa wanapelekeana habari kwa ngoma ya mti, kijiji hadi kijiji. Ngoma ile ina toni mbili tu, ya juu na ya chini, kwa sababu kilokele chenyewe ni lugha ya toni. Misionari mmoja wa Yakusu, John Carrington, aliandika kitabu juu yake mwaka 1949. Alionyesha kwamba neno moja fupi kwenye ngoma linaleta mchanganyiko, maana maneno mengi yana toni zile zile. Kwa hiyo mpigaji hasemi neno peke yake. Analifunga ndani ya maneno mengi yanayojulikana, ili aliye mbali ashike maana. Kufika mbali si kupiga kwa nguvu tu. Ni kupanga ujumbe ili umbali usiumeze. Sikiliza rock nzuri: viitikio vifupi, vinarudi, silabi ndefu zimewekwa kwenye irabu iliyo wazi, si kwenye konsonanti. Aliye nyuma kabisa anashika.

Tena, jifunzeni mikro. Mikro ni nusu ya sauti. Ukiileta karibu na midomo, inaongeza unene wa chini. Ukiisogeza mbali, unene unapotea. Ukipiga noti kubwa, irudishe kidogo, ukinong'ona, ilete. Usifunge kichwa chake kwa mkono kama unavyoona kwenye video, juu hapo inaanza kushika sauti ya kila upande na bafle inapiga filimbi. Na usisimame mbele ya bafle ukiwa na mikro wazi. Nusu ya "sauti mbovu" za sherehe zetu ni sono mbovu, na mwimbaji analipa kwa koo lake.

5. Kuamini kile unachoimba

Hadi hapa ni ufundi. Lakini kuna watu wana ufundi wote na bado hawatugusi. Nitaje wawili wa kwetu. Hawaitwi waimbaji wa rock, lakini jukwaa la rock lisingewaogopesha.

Wa kwanza ni mtoto wa Kisangani, Abeti Masikini. Alizaliwa wakati mji ungali unaitwa Stanleyville. Baba yake, Jean-Pierre Finant, alikuwa mtu wa Lumumba na kiongozi wa kwanza wa Province Orientale. Aliuawa Bakwanga mwaka 1961. Binti akakua, akapanda jukwaa la Olympia ya Paris mwaka 1973, na Carnegie Hall ya New York mwaka uliofuata. Septemba 1974 alikuwa Kinshasa kwenye tamasha la Zaire 74, tamasha lile lile ambalo James Brown aliimba kwa mayowe yake yanayojulikana dunia nzima. Sauti ya Abeti ilitoka kifuani, nzito, ya mwanamke asiyeomba ruhusa. Wakati huo wengi walitegemea mwanamke aimbe laini. Yeye alikataa, na ndiyo maana watu walimuita tigresse. Dada zetu mnaoambiwa "hiyo sauti ni ya kiume", sikilizeni rekodi zake za kwanza.

Wa pili ni Papa Wemba. Mama yake alikuwa mwombolezaji, mwanamke anayeitwa kuimba kwenye matanga, na yeye mwenyewe alisema kuimba alikupata kwake. Sauti yake ilikuwa nyembamba, ya juu, tena na kilio ndani. Hakuna mikwaruzo mingi. Lakini Peter Gabriel, mtu wa rock, alimchukua afungue maonyesho yake ya mwaka 1993, na watu waliokuja kusikia rock walinyamaza kumsikiliza mwimbaji ambaye lugha yake hawakuielewa. Alifia jukwaani Abidjan, tarehe 24 Aprili 2016.

Mmoja nzito, mmoja nyembamba. Kitu wanachofanana ni hiki: ukiwasikia unaamini kwamba jambo hilo limewapata. Hakuna anayeigiza mwingine. Kijana wa Tshopo anayeiga mkwaruzo wa mzungu wa video, na matamshi yake pia, anapoteza kile kitu pekee ambacho mzungu huyo hana: maisha yake mwenyewe.

Na rock ya kwetu inawezekana. Mwaka 2009 Faustin Linyekula, mzaliwa wa Ubundu anayefanya kazi yake Kisangani, alitengeneza na mpiga gitaa Flamme Kapaya onyesho la "more more more… future". Waligonganisha ndombolo na punk. Vijana wa punk kule Uingereza walikuwa wanalia hakuna kesho. Hawa wa Kisangani walijibu kwamba mahali ambapo kesho imeharibiwa mara nyingi, mtu hana anasa ya kuikataa, anaidai iongezwe. Sauti ya namna hiyo haitoki kwenye mazoezi peke yake.

6. Bei ya koo

Sasa turudi kwa ndugu yetu na mahojiano yake.

Freddie Mercury mwenyewe alisumbuliwa na vinundu kwenye nyuzi za sauti. Mwaka 1975 Queen ilifuta maonyesho kadhaa Marekani sababu ya koo lake. Na jukwaani mara nyingi hakuimba zile noti za juu za kwenye diski; alizishusha. Yaani yule tunayemuiga alikuwa anapima nguvu zake, na sisi tunamwaga zote usiku mmoja.

Vinundu ni kama sugu ya mkono wa jembe. Nyuzi zikigongana vibaya muda mrefu, zinaota ugumu, hazifungani vizuri tena, hewa inavuja, sauti inakwama. Wanaopata si waimbaji tu. Waalimu wanapata, wahubiri wanapata, na sisi pia, agronome anayepiga kelele shambani mbele ya watu sitini. Wengi wetu tutakula kwa sauti hii.

Kwa hiyo:

- Pasha koo moto kabla, dakika kumi, kwa sauti ndogo: midomo itetemeke, "mmm" ya kupanda na kushuka. Hakuna anayecheza mpira bila kukimbia kidogo kwanza.
- Kunywa maji tangu asubuhi, si wakati mikro imeshafika mkononi. Maji unayomeza hayapiti juu ya nyuzi. Yanafika kupitia mwili.
- Nguvu itoke tumboni na mbavuni. Shingo ikisimama mishipa, umeshakosea.
- Ukali ukiuma, acha. Mkwaruzo mzuri hauumi. Ukimaliza wimbo na huwezi kusema laini, ulisaga nyuzi.
- Pombe kali, moshi, na pilipili ya usiku wa manane kabla ya kulala, vyote vinachoma pale pale.
- Sauti ikikatika, nyamaza. Usinong'one kwa nguvu, hiyo nayo inachosha koo.
- Ukikwaruza zaidi ya wiki tatu bila mafua, tafuta daktari wa koo. Usingoje mpaka ubatizo wa mtoto wa fulani upite.

Basi, mzee wa korale alikuwa na haki? Nusu. Aliposema sauti ile ni mbovu kwa sababu ina mikwaruzo, hapo alikosea. Lakini kuna kitu alisikia ambacho siye tuliosimama juu ya viti hatukusikia: shingo iliyobanwa. Sikio la korale linajua koo linaloumia.

Juzi nilikutana na ndugu yetu. Sauti imerudi. Ameenda kumuona yule mzee, si kugombana, kuomba amfundishe kupumua. Mzee amekubali kwa sharti moja: Jumapili aimbe besi kwenye korale. Anasema wiki mbili za kwanza hakuruhusiwa kuimba wimbo hata mmoja, paka kuhema akiwa amelala chali, kitabu juu ya tumbo, kitabu kipande na kushuka.

Mwezi ujao ana mahojiano mengine ku Kisangani. Mumuombee. Na nyinyi mnaoimba, tuambieni hapa: nani alishakuambia sauti yako ni mbovu, na ulifanya nini?